Unaenda Job na Baiskeli? Soma Hii Kabla Ununue Bag za Kando

Wewe msee wa kupiga pedali kutoka Kahawa hadi tao kila asubuhi, hiyo bag ya mgongo inakumaliza. Unafika job shati imeloa jasho alafu unajifanya uko fiti. Dawa ni bag za kando, zile zinaning'inia kwa keria kama mizigo ya punda. Lakini usikimbilie ya kwanza umeona.

Anza na keria. Nyingi za siku hizi ni aluminiamu na mwisho wake ni kilo 25 hivi. Kwa lami iko sawa. Kwa marram, ile ya kutetemesha mpaka meno, chuma ni poa zaidi, juu ikikatika fundi yeyote wa jua kali ataichomelea. Aluminiamu inataka mashine ingine kabisa. Wazee na Black Mamba zao hawakuwa wajinga. Na ukiwa safari, kaza nati kila jioni.

Sasa kulabu. Hapa ndio watu huchomeka. Bag yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya kutupa, kulabu mbili za plastiki juu, chini hakuna kitu. Kwa mteremko Hell's Gate nikaingia shimo, bag ikaruka, mkanda ukashikwa na spoki. Gurudumu likakwama, mimi nikapaa. Lapi kwisha, goti stichi nne. Ingekuwa Thika Road na mathree nyuma yangu, saa hii hungekuwa unasoma hii stori.

So angalia kulabu za juu zijifunge zenyewe, na ingine ishike keria chini. Ukiwa bado dukani, ifunge, inua baiskeli, iachilie kidogo. Ikiruka, mrudishie mwenyewe. Alafu panda ukanyage: kisigino kikigonga bag, isukume nyuma.

Mvua nayo? Chukua ya turubai ya kukunja mdomo. Zipu hukwama na vumbi, na juala za kufunikia lapi zilipigwa marufuku 2017.

Ya job, moja ya lita 20 inatosha. Safari ndefu beba mbili, uzito sawa kila upande, vitu vizito chini.

Kama ganji ya zile za Ujerumani haiko, tafuta fundi wa kushona turubai za lori. Mpelekee keria yenyewe apime, na kulabu ununue mwenyewe.