Sikio na Hukumu ya Amplifaya

Amplifaya ni chombo kipokeacho umeme dhaifu kutoka katika redio au maikrofoni na kuuongezea nguvu hata uweze kuitikisa spika. Hutumika makanisani, misikitini, shuleni na katika kumbi za muziki, na aghalabu bei yake si ndogo. Basi mtu asemapo kwamba amplifaya fulani ina sauti "tamu" kuliko nyingine, ushahidi wake ni upi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kamati ya shule iliyoko Mkuyuni, jijini Mwanza, yataka kununua amplifaya ya mikutano ya uwanjani. Ile ya bei nafuu yajaribiwa saa nane mchana; ile ya ghali, saa mbili usiku. Wajumbe wote wakubaliana kwamba ya pili ni bora. Je, fedha zitolewe?

Bado. Kwanza, hewa imebadilika. Mchana wa jua kali, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu, nayo huyapinda mawimbi ya sauti kuelekea angani. Usiku ulio shwari ardhi hupoa, hali hiyo hugeuka, na mawimbi hupindwa kurudi chini. Hivyo sauti husikika mbali zaidi. Tena upepo wa ziwani uvumao mchana huweza kuipeleka sauti upande mmoja na kuipunguza upande mwingine.

Pili, ukubwa wa sauti haukusawazishwa. Ikiwa amplifaya moja yatoa volti 2.00 kwenye spika na nyingine volti 2.24, tofauti ni desibeli 1 tu. Msikilizaji huenda asitambue kwamba sauti imeongezeka. Badala yake atasema kwamba ni safi zaidi.

Tatu, wajumbe walizijua bei. Akili iliyokwisha kutarajia ubora huusikia hata pale usipokuwapo. Huo si uongo. Ndivyo ubongo wa binadamu ufanyavyo kazi.

Dawa yake ni jaribio la kificho. Mwaka 1950, Munson na Gardner wa maabara za Bell, Marekani, walieleza utaratibu ambao msikilizaji husikilizishwa sauti A, kisha B, halafu X, naye hutakiwa kusema X inafanana na ipi. Shule yaweza kufanya vivyo hivyo. Spika iwe moja na wimbo uwe mmoja. Volti za spika zisawazishwe kwa mita, kwa kutumia mlio wa mitetemo 200 kwa sekunde, hadi tofauti isizidi asilimia 2. Shilingi irushwe ili kuchagua X, na anayemsimamia msikilizaji naye asijue jibu.

Hesabu ndiyo itakayoamua. Mtu anayebahatisha tu katika majaribio 10 hupata majibu sahihi 6 au zaidi karibu mara 38 katika kila 100. Kwa hiyo 6 si ushahidi. Kupata 9 au 10 kwa bahati hutokea mara 11 tu katika 1,024. Hapo tofauti yastahili kuaminiwa.

Mwaka 1987 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review lilitangaza jaribio la namna hii juu ya amplifaya zilizopishana mno kwa bei. Kwa jumla, majibu ya wasikilizaji hayakupishana na ya kubahatisha.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba amplifaya zote ni sawa. Iliyozidiwa na mzigo hukata vilele vya mawimbi na kukwaruza. Nyingine huvuma, na nyingine haziwezi kuendesha spika nzito. Kasoro hizo hupimika kwa vyombo, na mara nyingi husikika hata kwa kificho. Tena, kushindwa kwa msikilizaji mmoja hakuthibitishi kwamba tofauti haipo; huonyesha tu kwamba yeye, siku ile, hakuisikia.

Kwa hiyo kamati na irudie jaribio lake. Sikio halikatazwi kutoa ushahidi, bali bei isiwe wakili wake. Na fedha zitakazosalia huenda zikafaa zaidi kununua spika bora, kwa kuwa spika hutofautiana kwa sauti kuliko amplifaya.