Bomba, Betri na Koili: Hatari ya Kifaa cha Mvuke Kisicho na Mlinzi

Mwezi Mei 2018, katika mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida nchini Marekani, askari wa zimamoto waliitikia kengele ya moto katika nyumba moja na kumkuta humo mwanamume wa miaka 38 ameshafariki. Uchunguzi wa maiti ulionesha kuwa vipande vya kifaa cha kuvutia mvuke vilipenya kichwani mwake, na moto uliofuata ukaunguza sehemu kubwa ya mwili wake. Januari 2019, huko Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alipoteza maisha baada ya kifaa cha mvuke kumlipukia usoni na kipande chake kukata mshipa mkubwa wa damu wa shingoni.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu kuvuta. Nikotini hujenga utumwa katika mwili, na asiyeanza hana sababu ya kuanza. Hata hivyo, vifaa hivi vimo mikononi mwa vijana wetu, na vingine vimelala kwenye droo za vyumba ambamo wadogo zao wanalala. Mzazi asiyejua kifaa kinavyofanya kazi hana la kumwambia mwanawe ila kumgombeza, na kijana hujua upesi kwamba anayemgombeza hajui anachokisema. Ni afadhali basi tukielewe.

Kifaa chenyewe

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China. Vifaa vingi vilivyofuata vina saketi ndogo ndani yake, ambayo hupima betri na koili kila kitufe kinapobonyezwa. Ikiona umeme umezidi, au koili imepiga shoti, hukata mkondo kabla ya madhara.

Kifaa cha kimakanika hakina saketi hiyo. Ni bomba la shaba, au la chuma kisichoshika kutu, lenye betri ndani, kitufe upande mmoja, na juu yake kichwa chenye koili ya waya iliyopitishwa pamba. Pamba hunywa kimiminika, koili hupata moto, na kimiminika hugeuka mvuke. Mtumiaji hufunga koili kwa mkono wake mwenyewe. Anapobonyeza kitufe, umeme wote ambao betri inaweza kuutoa hupita moja kwa moja, na hakuna kitu cha kuuzuia isipokuwa ule waya mwembamba.

Fundi umeme wa majumbani atalielewa jambo hili mara moja. Ni sawa na nyumba iliyofungwa nyaya bila fyuzi wala saketi breka. Taa zitawaka na watu watakaa humo kwa amani, mpaka siku nyaya mbili zitakapogusana.

Hesabu asiyoikwepa mtu

Mwaka 1827, mwanafizikia wa Ujerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huisoma: mkondo wa umeme ni sawa na volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Wengi huiacha kanuni hii kwenye daftari la shule, ilhali hapa ndipo inapogusa maisha ya mtu.

Betri inayotumika zaidi katika vifaa hivi ni ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa chaji huwa na volti 4.2. Koili ikiwa na ukinzani wa omu 0.5, mkondo utakuwa ampea 8.4, na betri nzuri hubeba hizo bila taabu. Koili ya omu 0.25 huvuta ampea 16.8. Koili ya omu 0.15 huvuta ampea 28, na ya omu 0.1 huvuta ampea 42. Betri nyingi nzuri za umbo hili zina kikomo cha kati ya ampea 20 na 30 kwa mkondo wa kudumu, na nyingine ni chini ya hapo.

Mtazame kijana anayetafuta wingu kubwa la mvuke. Kila apunguzapo ukinzani, wingu huongezeka, na betri husogea karibu na mahali ambapo haiwezi tena kustahimili. Tofauti kati ya omu 0.25 na omu 0.15 ni sehemu ya kumi ya omu, ambayo jicho halioni wala kidole hakihisi. Hudhihirika kwa kipimo tu.

Yapo mambo mawili yanayowapotosha wanaoanza. La kwanza ni koili mbili zilizofungwa sambamba. Kila moja ikiwa na omu 0.4, jumla yake si 0.8 wala 0.4, bali ni 0.2, kwa kuwa umeme umepata njia mbili. La pili ni betri mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine katika bomba refu. Hapo volti huwa 8.4, na koili ya omu 0.5 huvuta ampea 16.8 badala ya 8.4. Mkondo huo wote hupita katika kila betri. Haugawanywi kati yao kama mzigo wa watu wawili.

Kupima koili

Kipimo kinachofaa ni mita maalumu ya koili, kijikasha chenye kioo cha tarakimu na tundu la kufungia kichwa cha kifaa. Kichwa hupimwa kikiwa juu ya mita hiyo, kabla hakijakaribia betri. Jambo hili halina mbadala, kwa sababu kifaa cha kimakanika hakina kioo cha kumwonya mtu.

Wengine hutumia testa ya kawaida ya mafundi, na hapo pana mtego. Nyaya za testa zenyewe zina ukinzani, mara nyingi omu 0.2 au 0.3, na kwa kazi za redio na pasi hilo halidhuru. Kwa koili ni balaa. Mtu akisoma omu 0.5 kwa testa ambayo nyaya zake zina 0.3, koili yake kwa kweli ni 0.2. Anadhani anavuta ampea 8.4 kumbe anavuta 21. Asiye na chombo kingine aguse kwanza ncha mbili za testa pamoja, asome namba inayotokea, kisha aiondoe katika kipimo chake. Hata hivyo testa nyingi za bei nafuu haziaminiki katika vipimo vidogo hivi, na mita maalumu ndiyo ya kutegemewa.

Koili ipimwe ikiwa imepoa, kwani waya wa chuma kisichoshika kutu, wa nikeli au wa titani hubadilika ukinzani unapopata joto. Mita ikionesha sifuri au karibu na sifuri, koili imepiga shoti: huenda ncha ya waya iliyokatwa vibaya inagusa ukuta wa chuma. Isipoonesha kitu, waya umekatika au haujashikwa. Namba ikirukaruka, skrubu iliyobana miguu ya koili imelegea. Kazi ya bisibisi haijakwisha mpaka namba itulie na ibaki palepale hata kichwa kikitikiswa.

Kupima mara moja hakutoshi. Joto na ubaridi hulegeza skrubu, na kubadilisha pamba husogeza koili. Kipimo kirudiwe kila koili inapoguswa, na kila baada ya siku chache hata kama haijaguswa.

Sehemu za mguso

Umeme hausafiri katika koili peke yake. Hupita kwenye kitufe, kwenye kitako cha betri, kwenye pini ya kati na kwenye hesi za bomba. Kila mahali chuma kimoja kinapogusa kingine, uchafu huweza kuingia. Shaba hufifia na kufanya tabaka jeusi au la kijani, na kimiminika kitamu cha mvuke hutiririka mpaka kwenye pini na kuganda kama sharubati iliyomwagika.

Tuchukue mfano. Koili ni ya omu 0.2, na uchafu wa sehemu za mguso umeongeza omu 0.05 tu. Mkondo utakuwa ampea 16.8, na pale penye uchafu patazalika joto la takriban wati 14. Joto hilo halitengenezi mvuke. Linakwenda kwenye kitufe, kwenye springi na kwenye betri. Springi ikipata moto hupoteza nguvu na kulegea, kisha kitufe hubaki kimebonyea bila mkono wa mtu.

Ipo hatari nyingine iliyojificha zaidi. Mwenye kifaa huona mvuke umepungua. Badala ya kusafisha, hufunga koili yenye ukinzani mdogo zaidi ili arudishe wingu lake. Siku atakapolisugua bomba hilo, ule uchafu uliokuwa ukizuia umeme huondoka, na betri hukutana ghafla na koili isiyoiweza. Kwa hiyo mvuke ukipungua, mtu asafishe kwanza, apime, ndipo afikirie koili.

Usafi wenyewe si mgumu. Betri hutolewa kwanza. Sehemu zote hufunguliwa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hesi, pini na kitufe hufutwa kwa pamba yenye spiriti. Shaba iliyofifia hung'arishwa kwa dawa ya kusafishia shaba, na mabaki ya dawa hiyo huondolewa yote. Sehemu zilizopakwa fedha zisisuguliwe kwa msasa, kwani tabaka hilo ni jembamba na likiondoka halirudi. Kitufe kijaribiwe kikiwa kikavu na bila betri: kibonyee na kurudi chenyewe bila kukwama. Mita ya koili nayo ifutwe tundu lake, maana mita chafu huongeza namba na kumdanganya mwenyewe.

Jambo la kukaguliwa kwa makini kuliko yote ni pini ya kati. Katika mabomba ambayo kichwa hukaa moja kwa moja juu ya betri, pini hiyo lazima ichomoze wazi kupita hesi. Ikiwa imelingana na hesi, upande hasi wa bomba utagusa upande chanya wa betri. Hiyo ni shoti kamili, na kwa bomba lisilo na matundu ya kutolea gesi ni bomu. Matundu hayo yasizibwe kwa plasta wala kwa mapambo.

Betri

Ganda la plastiki linaloizunguka betri ndilo linalotenga chanya na hasi, kwa kuwa mwili wote wa betri ni hasi. Ganda likichanika, hata kidogo karibu na kichwa, betri isitumike mpaka livalishwe jipya. Betri iliyodondoka na kubonyea, iliyovimba au inayopata moto ikiwa kwenye chaja haifai tena.

Wapo wanaochomoa betri katika kompyuta mpakato zilizokufa na kuzitia katika vifaa hivi. Nyingi za betri hizo ziliundwa kutoa umeme mdogo kwa muda mrefu, na kikomo chake cha ampea ni cha chini. Wengine hununua betri za tochi zilizoandikwa mAh 9900. Hakuna betri ya 18650 inayofikia hata nusu ya namba hiyo, na aliyedanganya katika namba ya kwanza hana sababu ya kuaminiwa katika ya pili.

Nyumbani na safarini

Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikusanya taarifa za vyombo vya habari za kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 na kupata matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni. Betri iliyowekwa mfuko mmoja na funguo na sarafu hupiga shoti bila mtu kubonyeza kitu. Kijikasha cha plastiki cha kuhifadhia betri huuzwa kwa bei ndogo, na kinatosha kuzuia hilo.

Msafiri naye akumbuke kwamba vifaa hivi na betri zake za akiba haviruhusiwi katika mizigo inayopakiwa chini ya ndege. Hubebwa mkononi, na havichajiwi wala kutumiwa ndani ya ndege. Vilevile ajue sheria za aendako: Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wake kwa sheria ya mwaka 2015.

Nyumbani, chupa za kimiminika cha nikotini ziwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kwani harufu yake ni ya peremende na ndani yake mna sumu. Betri zichajiwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mchana, mtu akiwa macho. Akiungua mtu kwa betri, asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Apelekwe hospitali haraka, na daktari aambiwe kuwa ni betri ya lithiamu, kwa sababu kemikali zake hudhuru ngozi hata baada ya moto kuzimika.

Mzazi aliyekiona kifaa cha namna hii chumbani kwa mwanawe, aulize maswali matatu kabla ya kupandisha sauti. Koili hii ina omu ngapi? Umeipima kwa mita gani? Betri hii kikomo chake ni ampea ngapi? Kijana asiyeweza kuyajibu ameshika asichokijua, na betri itolewe ndani ya bomba siku hiyohiyo. Anayeweza kuyajibu yote ana akili ya ufundi, nayo itamfaa zaidi chuoni na karakanani. Mzazi aanzie hapo mazungumzo ya kumsaidia kuacha.