Tumaini la Mitunguu limo kwenye daftari la mchango

Ukishuka kutoka Nkubu, Meru, kuelekea Tharaka, baridi ya Imenti hukuachia kidogo kidogo. Majani chai yanaisha, kahawa inapungua, na kabla hujamaliza kuvua sweta umefika Mitunguu. Hapa ni nchi ya ndizi. Mradi wa unyunyiziaji maji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani ndio uliogeuza ukame wa huku chini kuwa mashamba, na hadi leo mikungu hupakiwa kwenye malori kwenda kulisha Nairobi. Mgeni akiona kijani kile husema watu wa Mitunguu wamebarikiwa. Mwenyeji humwacha amalize, kisha humweleza habari za madalali wanaopanga bei wakiwa ndani ya magari yao, na za upepo wa usiku mmoja unaoweza kulaza shamba zima.

Hata maji ya mfereji hayakumkinga kila mtu ukame ulipotanda Kenya kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana. Na kabla ya hapo palikuwa na korona. Makanisa yalifungwa Machi 2020. Yalipofunguliwa tena Julai, serikali iliruhusu waumini 100 tu kwa ibada ya saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Hebu fikiria hilo katika kanisa la mashambani. Wazee wa kanisa, akina mama waliofagia madhabahu miaka na miaka, wale wale wanaoitwa mtu akizidiwa usiku, ndio waliozuiwa mlangoni. Sheria ilikuwa na sababu zake za kiafya na sina ugomvi nayo. Ila miezi ile ilionyesha jambo moja wazi: jengo lilifungwa lakini kanisa halikufungwa. Walioendelea kushikana waliendelea kwa simu na kwa M-Pesa, na kwa kikapu cha viazi kilichoachwa langoni.

Imani ya Kikristo ina zaidi ya miaka mia katika nchi ya Wameru. Wamisionari wa Consolata walifika 1911, Wamethodisti wakafungua kituo chao Kaaga mwaka uliofuata, na siku hizi Mitunguu ina makanisa ya kila aina, ya mawe na ya mabati. Yanachofanana yote ni kile kinachotokea mtu akipatwa na shida.

Msiba ukiingia, kabla ya jua kutua viti vya plastiki vimeletwa. Mtu kaazima sufuria kubwa, mwingine kaleta kuni, na githeri iko motoni bila mfiwa kuulizwa chochote. Jioni watu wa jumuiya wanakuja, wanaimba nyimbo mbili tatu, neno linasomwa, kisha linatolewa lile daftari la shule lenye jalada lililokunjika. Mweka hazina anasoma kwa sauti: huyu mia mbili, huyu mia tano, huyu ameahidi mkungu wa ndizi. Jina la aliyetoa hamsini husomwa kwa sauti ile ile ya aliyetoa elfu mbili. Mara nyingi fedha hizo ndizo zitakazolipa bili ili mwili utoke mochari. Bima ya afya ya taifa ilihama kutoka NHIF hadi SHA mwezi Oktoba 2024, lakini daftari bado halijastaafu.

Nimewahi kusikia msomi mmoja akidharau michango hii, akisema ni umaskini unaojifariji. Kwa upande mmoja ana haki: wakulima hawafai kuchangiana shilingi hamsini hamsini kuziba pengo la hospitali za umma, na kanisa linalowaombea wagonjwa lina wajibu pia wa kumwuliza gavana dawa ziko wapi. Lakini hajakaa matanga. Aliyefiwa na mwenzi aliyeishi naye miaka arobaini hatafuti hoja. Anataka kusikia watu wakinong'ona nje usiku wa manane, ajue nyumba haijabaki tupu.

Hilo ndilo tumaini la daftari. Lipo la aina nyingine, na tumeona linakofikisha watu. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ilipita 400. Waumini waliokuwa humo waliambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Hayo yalikuwa ya kupindukia, lakini mbegu yake ipo kila mahali panapohubiriwa kwamba taabu ni dalili ya imani haba na kwamba dawa yake ni kutoa zaidi kwa mhubiri. Mkulima aliyepoteza ndizi zake huambiwa apande mbegu ya elfu kumi, mwenye sonona akaambiwa aache vidonge aombe. Huo ni wizi, na ni vyema uitwe hivyo mimbarini.

Ukitaka mfano wa imani iliyopimwa kweli kweli, huhitaji kwenda mbali. Panda matatu urudi Nkubu, kwenye hospitali ya Consolata. Mwaka 1985 mtawa Mwitaliano, Sista Leonella Sgorbati, aliyekuja Kenya 1970, alianza kuongoza mafunzo katika chuo cha wauguzi cha hapo. Alikuwa muuguzi na mkunga. Mwaka 1993 alichaguliwa kuongoza watawa wa Consolata nchini Kenya. Baadaye akaenda Mogadishu, mji ambao wengi walikuwa wakiukimbia, kuanzisha chuo cha wauguzi katika hospitali ya SOS. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2006.

Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, akivuka barabara kutoka hospitalini kwenda nyumbani, alipigwa risasi. Mlinzi wake, Mohamed Mahamud Osman, Mwislamu na baba wa watoto wanne, alijaribu kumkinga akauawa pale pale. Sista alikimbizwa ndani, na waliokuwa naye wanasimulia kwamba kabla ya kukata roho alisema mara tatu kwamba anasamehe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Piacenza, Italia, tarehe 26 Mei 2018.

Watu huvutiwa na maneno yake ya mwisho, nami pia. Lakini mtu hasamehi kwa pumzi ya mwisho kama hakuzoea kusamehe siku za kawaida. Miaka ile ya Nkubu, ya kufundisha vijana kugeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, ndiyo iliyomwandaa. Na mlinzi yule hasahauliki katika simulizi hii: alikufa kwa ajili ya mtu asiye wa dini yake, jambo ambalo wahubiri wa chuki wa pande zote hawalipendi likisimuliwa.

Basi, msomaji, kama u mtu wa kanisa huko Mitunguu au popote, nina ombi dogo. Jumapili hii kabla ya kutuma sadaka kwa mhubiri wa televisheni ambaye hajui jina lako, uliza katika jumuiya yako ni nani amelazwa, ni nani ana bili, na ni nani hajaonekana wiki mbili. Akiwa ni yule anayesema maisha yamemchosha, msindikize hospitalini kwanza. Sala mtaisali njiani.