Alichumbiwa maabara, fungate akaenda na wanafunzi

Kama ulipita shule ukafundishwa sayansikimu, yale mambo ya lishe, usafi na bajeti ya nyumba, basi kuna mama mmoja wa Kimarekani aliyekugusa bila wewe kumjua. Ni Ellen Swallow Richards. Wengi tulidhani somo lile liliwekwa ili wasichana wajue kupika tu. Kumbe mmoja wa waasisi wake wakubwa alikuwa mkemia, tena mwanamke wa kwanza kupokelewa chuo cha MIT.

Alizaliwa mwaka 1842 huko Dunstable, Massachusetts. Alipomaliza digrii Vassar, chuo cha wanawake, mwaka 1870, akaomba nafasi MIT, ambacho enzi hizo kilikuwa Boston. Wakamchukua, tena bila ada! Bibie akashukuru, akajua wamemwonea huruma kwa kuwa hana pesa. Ukweli aliujua baadaye. Ada ilifutwa ili mtu akilalamika kwamba kuna mwanamke chuoni, mkuu wa chuo aweze kusema huyo si mwanafunzi wetu. Ellen alisema angelijua hilo mapema, asingekwenda.

Humo ndani alikaa kwa akili. Alijiwekea sindano, uzi, pini na mkasi mezani. Profesa akikata kidole, Ellen anakifunga. Karatasi zikitawanyika, anazishona. Vumbi anafuta. Najua wapo dada zangu watakaokunja uso hapa, eti kwa nini ajishushe? Mimi naona alipima. Wanaume waliozoea kumwita kwa kila kitu walishindwa kumfukuza, naye huku kemia anaimeza. Mwaka 1873 akapata digrii yake, wa kwanza miongoni mwa wanawake chuoni hapo.

Sasa tuje kwenye mapenzi. Robert Richards, profesa kijana wa madini, alimposa mlemle maabara, katikati ya chupa. Ellen hakukimbilia pete. Walioana Juni 1875, na fungate wakaenda Nova Scotia, Kanada, wakiwa na darasa zima la wanafunzi wa madini! Bibi harusi kavaa mabuti mazito na sketi fupi kwa viwango vya enzi hizo. Shosti, sema kweli, wewe ungekubali?

Nyumba yao ya Jamaica Plain nayo aliigeuza maabara. Aliondoa mazulia mazito na mapazia ya kukusanya vumbi, akaleta jiko la gesi badala ya makaa ya mawe, akashughulikia hewa na mabomba. Mwaka 1876 alisaidia kufungua maabara ya wanawake MIT, akafundisha humo bila mshahara. Iliendelea hadi mwaka 1883, wanawake walipokuwa wameanza kupokelewa kama wanafunzi wengine.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ile ya maji. Kuanzia mwaka 1887 yeye na wasaidizi wake walipima sampuli zipatazo 40,000 kutoka jimbo zima la Massachusetts. Ukiishi pwani unajua kisima cha karibu na bahari kina chumvichumvi, na ukienda bara inapungua. Ellen aliona hivyo hivyo kwenye vipimo vyake, vikachorwa kwenye ramani. Sasa kisima cha bara kikikutwa na chumvi kuliko majirani zake, haiwezi kuwa bahari. Ni choo! Mkojo na maji machafu ya watu yana chumvi, na yamepenya kisimani. Kwa njia hiyo uchafu usioonekana kwa macho ukapata shahidi, na Massachusetts ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwa na viwango vya ubora wa maji.

Cheo je? Mwaka 1884 walimfanya mkufunzi wa kemia ya afya. Miaka ikapita, vitabu akaandika, mwaka 1908 akawa rais wa kwanza wa chama cha sayansikimu Marekani, na mwaka 1910 chuo cha Smith kikampa udaktari wa heshima. MIT alibaki mkufunzi yule yule mpaka alipofariki Machi 30, 1911. Mumewe ndiye aliyekuwa profesa.

Mwaka 1973, miaka 100 tangu ahitimu, MIT ilianzisha nafasi ya uprofesa kwa ajili ya wanawake. Ikaipa jina la Ellen Swallow Richards.