Umekivua Nguo Chuma Changu

Kwetu Ngamiani, Tanga, nyumba ilipimwa kwa masufuria yake. Msichana aliyesugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona uso alisifiwa mtaa mzima, nami sifa hizo nilizipenda mno. Kwa hiyo bibi aliposafiri kwenda msibani Pangani akaniachia jiko, nilikitazama chuma chake cha vitumbua, cheusi kama kaniki, nikamwonea huruma. Nikakiloweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni. Asubuhi nikakishukia kwa waya wa kusugulia, shimo moja moja, yote saba, hadi kikawa kijivu. Nikakiacha uani kijikaukie.

Bibi aliporudi hakusema kitu. Alipitisha kidole ndani ya shimo la katikati, kikatoka na rangi ya kutu.

"Mjukuu wangu," akasema, "umekivua nguo chuma changu."

Kesho yake alfajiri vitumbua vilinata. Mchele ulikuwa uleule, tui lilelile, iliki na hamira hazikupungua, lakini kila bibi alipopitisha kijiti pembeni ili ageuze, kitumbua kilichanika na nusu yake ikabaki shimoni. Wateja wa chai walipewa vipande bure. Mimi nilijificha chooni.

Nilichokivua siku ile si masizi. Ukipaka mafuta utando mwembamba juu ya chuma, ukakipasha mpaka yafuke moshi, mafuta hushikamana na oksijeni ya hewani, chembechembe zake zikaungana zenyewe kwa zenyewe, yakageuka ngozi ngumu mfano wa vanishi. Hayo si mafuta tena. Hata ukigusa, kidole hakitoki na utelezi. Ngozi hiyo huzuia kutu, na ndiyo inayomfanya kitumbua aachie. (Naam, nimemwita kama mtu. Aliyewahi kugombana naye saa kumi na moja alfajiri atanielewa.)

Siku hizi sokoni vimejaa vyuma vya vitumbua vya aluminiamu, vyepesi, vinavyopata moto haraka. Ukitaka kujua ulichoshika, chukua sumaku: hunasa chuma, aluminiamu hainasi. Au kinyanyue tu, kwani chuma ni kizito zaidi ya mara 2.5 kwa ukubwa uleule. Uzito huo una kazi yake. Chuma huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachii upesi. Upawa wa unga baridi ukimiminwa shimoni, joto haliporomoki. Ukingo wa kitumbua hukauka papo hapo na kuwa kahawia, katikati pakiwa bado laini. Ndiyo maana bibi alikiweka kwenye mkaa kabla hata hajakoroga unga, akakiacha kipate moto polepole.

Pitisha mkono mgongoni mwake utahisi chengachenga. Vyuma vingi vya aina hii husubiwa, yaani chuma huyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Wachina walisubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga, vikawa bei nafuu. Lakini chuma cha kusubu kina kaboni zaidi ya asilimia 2, nayo hukifanya kiwe kigumu lakini chepesi kuvunjika. Jirani yetu mmoja alimwagia maji baridi chuma chake cha chapati kikiwa bado kwenye moto. Kililia ta! tukakisikia hadi uani kwetu, kikawa vipande viwili.

Chuma chake bibi alikivisha upya mwenyewe, nami nikipepea jiko. Kwanza alisugua kutu yote, akaosha, akakikausha juu ya moto, maana kitambaa peke yake huacha unyevu. Kisha akapaka mafuta ya ufuta, halafu akayafuta kwa kitambaa kikavu kana kwamba amebadili nia. Hapo ndipo wengi hukosea: mafuta yakizidi, hufanya ulimbo. Akakifudikiza juu ya makaa mpaka moshi ukaisha wenyewe. Kikapoa. Akarudia mara nne, hadi adhuhuri. Mimi leo natumia alizeti, nayo hufanya vizuri. Mafuta ya nazi, pamoja na mapenzi yangu kwayo, hayafai kazi hii. Hayakauki kuwa ngozi upesi.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Sabuni kidogo ya vyombo haidhuru, ila usikiloweke. Kioshe kikiwa na uvuguvugu, kikaushe motoni, kipake mafuta kiduchu. Na kikaango cha chuma usikipikie mchuzi wa ukwaju au ndimu ukauacha humo ulale. Uchachu hula ile ngozi, na mchuzi wenyewe utakuwa na ladha ya msumari.

Asubuhi iliyofuata bibi alimimina unga, akangoja, akapitisha kijiti. Sita vikageuka. Cha katikati kikagoma, kikachanika. Alikichokoa vipande, akavitia kwenye kisahani, akanisogezea.

"Hicho chako," akasema.

Nilikula cha katikati kwa wiki nzima.