Je, Wajua? Bustani Iliyokula Manowari

Je, wajua kwamba robo tatu ya bustani ya kifalme ya Yiheyuan, kaskazini magharibi mwa Beijing, ni maji? Eneo lote linakaribia hekta 300, na sehemu kubwa imekamatwa na Ziwa Kunming. Aliyekwenda kutazama maua hujikuta anatazama ziwa.

Na wajua ziwa lenyewe lilichimbwa? Palikuwepo bwawa la asili, lakini mwaka 1750 mfalme Qianlong wa nasaba ya Qing aliamuru lipanuliwe. Udongo uliotoka ukarundikwa kwenye kilima cha jirani, Wanshou, ambacho leo kina kimo cha mita 60 hivi. Haya yote kwa kuwa mama yake alikuwa anakaribia kutimiza miaka 60. Umbo la ziwa liliigwa kutoka Ziwa la Magharibi la Hangzhou, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kusini.

Wajua kwamba bustani hii iliteketezwa mwaka 1860? Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalifika Beijing katika Vita vya Pili vya Kasumba, yakapora Yuanmingyuan, bustani ya jirani, kisha Lord Elgin akaamuru ichomwe. Moto haukuiacha Yiheyuan. Elgin huyo ni mtoto wa yule Elgin aliyebeba sanamu za Parthenon kutoka Athens. Ukoo huo na mali za watu!

Miongoni mwa vilivyoporwa kilikuwemo kijibwa. Ofisa mmoja alikwenda nacho Uingereza akamzawadia Malkia Victoria, nacho kikapewa jina la Looty, yaani kitu cha kuporwa. Hata hawakuona haya.

Wajua aliyeifufua bustani? Ni Cixi, malkia mjane aliyeishika China kwa karibu nusu karne. Ndiye aliyeipa jina la Yiheyuan, mwaka 1888, akiiandaa kwa sherehe ya miaka 60 yake mwenyewe, mwaka 1894. Fedha zilichotwa kwenye fungu la jeshi la majini. Ni kiasi gani hasa kilichotafunwa, wanahistoria bado wanabishana. Lakini mwaka huohuo wa 1894 vita na Japani viliwaka, na kufikia mapema mwaka uliofuata kikosi bora cha manowari za China kilikuwa kimesambaratishwa.

Ndiyo maana watu hucheka wakifika kwenye Jahazi la Marumaru, lenye urefu wa mita 36, lililotia nanga ukingoni mwa ziwa na lisiloweza kwenda popote. Utani wenyewe ni mkali: hela za manowari zimenunua chombo kimoja, nacho cha mawe. Ila wajua kwamba utani huo unamwonea Cixi kidogo? Kitako cha mawe kiliwekwa zama za Qianlong, mwaka 1755. Cixi alijenga upya sehemu ya juu mwaka 1893, akaongeza na magurudumu ya kupigia maji ubavuni ili lifanane na meli za mvuke za Wazungu. Na sehemu hiyo ya juu si marumaru. Ni mbao zilizopakwa rangi ya kudanganya macho.

Wajua kuna ujia wenye paa wa mita 728? Ni karibu viwanja saba vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Ulijengwa ili mama yake Qianlong atembee kando ya ziwa bila kulowa wala kuchomwa na jua. Boriti zake zina michoro zaidi ya 14,000: ndege, maua, mandhari, na visa kutoka hadithi ambazo kila Mchina amekua akizisikia. Ushauri wangu ni kwamba usijaribu kuitazama yote, maana shingo itakulaumu. Tafuta benchi, inua macho, chagua boriti moja tu. Utamwona nyani-shujaa Sun Wukong na fimbo yake, na hakukosi bibi pembeni anayemsimulia mjukuu kisa kizima kwa kunyoosha kidole.

Jiwe nalo lina kisa. Mbele ya Leshoutang, jumba alilokaa Cixi, kuna jiwe la urefu wa mita 8 hivi. Inasimuliwa kwamba ofisa wa zama za Ming, Mi Wanzhong, aliliona milimani akagharamia kulisafirisha mpaka akafilisika, akaliacha njiani. Likabaki na jina la jiwe lililofilisi nyumba. Baada ya miaka mingi Qianlong alipita, akalipenda, akaagiza liletwe. Halikupita mlangoni, ikabidi mlango ubomolewe. Mama yake alikasirika: jiwe limemaliza nyumba ya watu, sasa linavunja na ya kwetu? Mfalme ni mfalme, jiwe likaingia.

Hatua chache kutoka hapo kuna jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulitazama. Katika jumba la Yulantang, fungua macho kwenye vyumba vya pembeni: nyuma ya mlango kuna ukuta wa matofali, mkavu, usio na pambo. Mwaka 1898 mfalme kijana Guangxu alianzisha mageuzi yaliyodumu siku kama mia moja, kisha Cixi akamweka kizuizini. Kila baraza la kifalme lilipohamia Yiheyuan, mfalme alifungiwa humo, na matofali yalijengwa ili asiwe na pa kutokea. Alifariki Novemba 14, 1908. Cixi alifariki kesho yake. Mwaka 2008 wataalamu wa China walitangaza kwamba nywele za Guangxu zilikuwa na sumu ya aseniki kwa wingi. Nani aliitia, hakuna jibu lililothibitishwa.

Wajua Cixi alikuwa na jukwaa la opera la ghorofa tatu, kimo mita 21? Miungu ilishuka kutoka darini, mashetani yakaibuka kutoka chini ya sakafu.

Wajua alichorwa na Mmarekani? Katharine Carl aliitwa mwaka 1903, lakini hakugusa brashi mpaka falaki ipigwe na saa njema ipatikane. Picha ilionyeshwa mwaka 1904 kwenye maonyesho ya St. Louis.

Nyuma ya kilima kuna mtaa wa maduka kando ya mfereji, ulioigizwa kwa mtindo wa Suzhou. Matowashi walijifanya wenye maduka ili mfalme aonje raha ya kwenda sokoni. Maduka ya leo yamejengwa upya, na wauzaji hawaigizi.

Kiingilio ni yuani 30 kuanzia Aprili hadi Oktoba, na 20 miezi ya baridi. Baadhi ya majumba ya ndani hulipiwa zaidi. Pasipoti usiisahau. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, ushuke Beigongmen, kwenye lango la kaskazini. Wengi husifu lango la mashariki, mimi nachagua hili la kaskazini: unapanda kilima kwa nyuma, jasho linakutoka, kisha ziwa lote linajifunua chini yako kwa mara moja.

Mwisho, Daraja la Matao 17, lenye urefu wa mita 150 na simba wa mawe 544. Wajua kwamba mwishoni mwa Desemba, jua likielekea kuzama, mwanga wake hupenya matao na kuyageuza yote kuwa ya dhahabu? Wapiga picha huja na vigoda, chupa za chai na miguu ya kamera mapema mchana. Anayefika saa kumi jioni huona migongo ya watu.