Homa ya Wiki ya Tatu

Homa inayompata mtu wiki mbili au tatu baada ya kulala na mwenzi bila kapoti hutisha kuliko dalili nyingine zote, na katika mkoa wa Tshopo ndiyo isiyosema lolote. Virusi vya Ukimwi, VVU, ambavyo kwenye karatasi za hospitali za Kongo huandikwa VIH, vinaweza kuleta homa kati ya wiki ya pili na ya nne tangu viingie mwilini. Homa hiyo huandamana na koo kuuma, tezi za shingoni na kwapani kuvimba, vipele kifuani, kichwa na viungo kuuma. Hudumu siku chache, pengine wiki mbili, kisha hupoa yenyewe. Wengine walioambukizwa hawaugui chochote wanachokikumbuka. Na ukiondoa vipele, tezi na koo, iliyobaki ni orodha ya malaria.

Barumbu, mahali katika mkoa huo, kama mji wa Kisangani wenyewe, iko kwenye ukanda wa joto na mvua karibu na ikweta, ambako mbu hawana msimu wa kupumzika. Mtu anayepata homa huko ana sababu nyingi za kuipata kabla ya kufikiria VVU. Homa ya siku ya pili au ya tatu baada ya tendo haiwezi kabisa kuwa ya virusi hivyo, kwa kuwa vinahitaji siku nyingi zaidi kuzaliana mpaka mwili uanze kupigana navyo. Kama ni malaria, mbu aliyeileta aliuma wiki moja au zaidi kabla ya homa, yaani kabla ya usiku unaolaumiwa.

Hofu nayo huleta dalili zake: jasho la usiku, tumbo kuharisha, moyo kwenda mbio, chakula kutopita. Anayekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki tatu hupungua uzito, na kupungua uzito ndiko watu wengi walikojifunza kuita ukimwi. Kukonda kwa ugonjwa wenyewe, kwa asiyetibiwa, kwa kawaida huja baada ya miaka, si wiki.

Tendo moja lina hatari ndogo kuliko hofu inavyodhani, ingawa si sifuri. Kwa makadirio yaliyokusanywa kutoka tafiti nyingi, mwanamke anayelala mara moja na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa ana hatari ya karibu 8 katika 10,000. Kwa mwanamume anayelala na mwanamke mwenye VVU ni karibu 4, na kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile ni karibu 138. Tena si kila mwenzi ana virusi: utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa 2013–2014 ulikuta asilimia 1.2 ya Wakongo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanavyo. Mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu haambukizi kwa ngono. Lakini wastani hauoni kidonda. Kaswende, kisonono, michubuko, au mwenzi aliyeambukizwa majuzi ambaye virusi vimejaa damuni, vyote huipandisha hatari hiyo.

Saa 72 za kwanza ndizo zenye kazi, na kwa bahati mbaya ndizo watu huzipoteza wakijichunguza vipele kwenye kioo. Ndani ya muda huo mtu anaweza kuanza dawa za kuzuia maambukizi, PEP, zinazomezwa kila siku kwa siku 28. Mchanganyiko unaopendekezwa sasa ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Zinafaa zaidi zikianzwa saa za mwanzo kuliko siku ya tatu jioni. Mashariki mwa Kongo zimejulikana hasa kama kit PEP ya kuwahudumia waliobakwa, na kwa hiyo aliyelala na mwenzi kwa hiari yake, au aliyepasukiwa na kapoti, mara nyingi hafikirii kwamba zinamhusu. Zinamhusu. Kabla ya kuanza hupimwa damu, kujua kama hakuwa tayari na VVU kabla ya tendo hilo. Mwanamke asiyetaka mimba huomba pia dawa ya dharura ya kuizuia siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kinachohesabika ni kalenda. Kipimo cha haraka cha kidoleni, kinachopatikana vituo vingi, hakitafuti virusi bali kingamwili ambazo mwili huzitengeneza dhidi yake, na kingamwili huchelewa. Kupima siku ya tano kunaeleza maisha ya kabla ya tendo tu. Kufikia wiki ya nne hadi ya sita, wengi wa walioambukizwa wameshaonekana. Miezi mitatu ndiyo mwisho wa kusubiri. Vipimo vya maabara vinavyotafuta pia protini ya virusi, p24, huwahi zaidi, na siku 45 hutosha. Aliyetumia PEP hurudia kipimo baada ya kumaliza dawa na tena katika mwezi wa tatu, kwa sababu dawa zinaweza kuchelewesha kingamwili.

Kongo ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi zaidi za VVU, na wengine huuliza kama vipimo vilivyonunuliwa ng'ambo vinazitambua. Wingi huo una historia: utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la Science ulionyesha kwamba virusi vilianza kuenea kutoka Kinshasa mnamo miaka ya 1920, vikasafiri kwa reli kuelekea kusini na kwa mto hadi Kisangani. Hata hivyo, karibu aina hizo zote ni za kundi moja kuu, na vipimo vya haraka vimetengenezwa kulitambua.

Mstari wa kipimo ukijitokeza, hata hafifu, si hukumu bado. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liligundua huko Baraka, Kivu Kusini, kwamba baadhi ya watu walioonekana kuwa na VVU kwa vipimo viwili vya haraka hawakuwa navyo. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vyote vionyeshe VVU ndipo mtu aambiwe anavyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wenye VVU, pamoja na siri ya majibu yao.

Aliyekwenda kupima VVU pekee ameacha nusu ya kazi. Usaha au maumivu ya kukojoa siku ya tatu hadi ya saba huelekeza kwenye kisonono. Kidonda kisichouma sehemu za siri, wiki tatu hivi baadaye, huelekeza kwenye kaswende. Kidonda hicho hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Vipo vipimo vya haraka vinavyopima VVU na kaswende kwa tone moja la damu, na kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini.